Jean-Jacques Rousseau na Maradhi ya Kuziba Mkojo

Hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa katika chuo chetu anayemaliza masomo bila kumpitia Jean-Jacques Rousseau. Tunampata kwenye silabusi kama mtu wa mawazo: mkataba wa kijamii, malezi ya mtoto Émile, ubaya wa ustaarabu. Tunajifunza tarehe, tunajifunza majina ya vitabu, tunafanya mtihani, tunamwacha. Lakini anayechukua Les Confessions na kukisoma kitabu kizima, si zile kurasa chache za fotokopi tunazogawiwa darasani, atashangaa jinsi mwandishi anavyorudia kutaja jambo ambalo mabwana wa silabusi wanaliruka. Rousseau alikuwa hawezi kumaliza haja ndogo. Kibofu chake hakikuwahi kutoka chote. Na yeye mwenyewe, ambaye alikuwa na haya kupita watu wengi, aliliandika jambo hilo waziwazi, tena zaidi ya mara moja. Naona basi kwamba maisha yake yanaweza kuelezwa kwa kuyafuata maradhi hayo, na kwamba tukifanya hivyo baadhi ya mambo yanayoonekana kama wazimu au kiburi yanapata sababu.

Alizaliwa Genève tarehe 28 mwezi wa sita 1712, mtoto wa fundi wa saa, Isaac Rousseau. Mama yake, Suzanne Bernard, alifariki siku chache tu baada ya kujifungua. Mtoto mwenyewe alizaliwa nusu mfu, na shangazi yake ndiye aliyemlea mpaka akapona. Rousseau aliamini kwamba alikuja duniani na mbegu ya ugonjwa wake, na kwamba miaka iliikuza tu. Hata utotoni alipata vipindi vya mkojo kukataa kutoka. Jambo hili la kuanza mapema lina maana kwa waganga. Mzee wa miaka 70 akizibwa mkojo, mara nyingi mkosaji ni tezi dume, ile inayoitwa prostati, iliyovimba na kuubana mrija. Kijana aliyeambukizwa kisonono akakaa bila matibabu anaweza kupata kovu ndani ya mrija, njia ikawa nyembamba. Lakini mtoto mdogo akipata shida hiyo, mtu hufikiria kasoro ya kuzaliwa nayo, au mishipa ya fahamu isiyotoa amri sawasawa. Kibofu kina kazi mbili zinazopingana, kuhifadhi na kutoa, na ili kitoe ni lazima msuli wake ukaze wakati uleule mlango wa chini unapolegea. Mlango usipolegea, msuli unasukuma ukuta.

Ujana wake nitaupita haraka, maana unajulikana. Alifundishwa kazi ya kuchora nakshi kwenye chuma, akapigwa na bwana wake, akaukimbia mji mwaka 1728, akapokelewa Annecy na Bibi de Warens ambaye alimwita Mama. Alibadili dini kule Turin, akafundisha muziki kabla ya kuujua, akaishi Chambéry, akaugua homa na mapigo ya moyo na kelele za masikio zisizokwisha. Mwaka 1742 alifika Paris akiwa na mfumo mpya wa kuandika muziki kwa tarakimu, ambao Chuo cha Sayansi hakikuutaka. Alikuwa katibu wa balozi wa Ufaransa kule Venice. Aliporudi, mwaka 1745, alikutana na Thérèse Levasseur, mfuaji nguo wa hoteli aliyokuwa akilala, na hawakuachana tena.

Katika joto kali la mwaka 1749 rafiki yake Diderot alikuwa amefungwa Vincennes. Rousseau alikwenda kumtazama kwa miguu, safari baada ya safari, kwa kuwa hakuwa na pesa ya gari. Wanafunzi wote wanaijua barabara hiyo, kwa sababu ndipo alipofungua gazeti na kuona swali la Academy ya Dijon kuhusu sayansi na maadili, akapata mwanga uliomfanya mwandishi. Kitu ambacho hatuambiwi ni kwamba aliihesabu barabara hiyohiyo kuwa mwanzo wa kuharibika kwa afya yake. Jua lile na uchovu ule vilimletea maumivu makali ya figo, na tangu hapo, kwa maneno yake, hakuirudia nguvu aliyokuwa nayo. Barabara moja ilimpa umaarufu na maumivu.

Hotuba yake ilishinda zawadi mwaka 1750. Wakati huo tajiri mmoja, Dupin de Francueil, alikuwa amempa kazi ya kutunza sanduku la fedha. Kwa mtu aliyehangaika maisha yake yote hiyo ilikuwa bahati ya kutajirika. Mara akaanguka kitandani kwa majuma matano au sita. Bibi Dupin alimtuma Morand, mpasuaji mwenye jina kubwa mjini Paris. Huyo alijaribu kuingiza sonda mpaka kwenye kibofu, akamtesa vibaya, na hakufika. Akashauri aitwe Daran.

Jacques Daran alikuwa na kifaa chake mwenyewe, chepesi na chenye kupinda, kilichoitwa buji. Ni neno lile tunalolitumia hapa kwetu kwa mshumaa na kwa kile kinachowasha moto katika injini ya pikipiki. Wafaransa walilitoa kwenye jina la mji wa Béjaïa, Algeria, nta ilikotoka. Buji ya mpasuaji ilikuwa kitambaa kilichopakwa nta na dawa, kikaviringishwa kama mshumaa mwembamba, kikalainika kwa joto la mwili. Ya Daran ilipita pale ambapo chuma cha Morand kilikataa. Mgonjwa alipata nafuu. Lakini Morand alipotoa taarifa kwa Bibi Dupin alitamka kwamba baada ya miezi sita Rousseau hatakuwa hai, na habari hiyo ikamfikia mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mtu ana miaka 38, ameambiwa amebakiwa na nusu mwaka. Anajiuliza kwa nini aupoteze muda huo akilinda fedha za mtu mwingine, kazi asiyoipenda na inayomnyima usingizi. Akaacha kazi. Akaamua kuishi kwa kunakili muziki, akilipwa kwa ukurasa. Aliacha soksi nyeupe na upanga, akavaa wigi ya kawaida, akauza saa yake, mtoto wa fundi saa, akifurahi kwamba hatahitaji tena kujua ni saa ngapi. Marafiki walidhani ni maigizo ya mwanafalsafa anayetaka kufanana na maandishi yake. Sikatai kwamba maigizo yalikuwemo. Ila aliyeuanzisha mchezo huo alikuwa mpasuaji mwenye mkono mzito aliyekosea hesabu kwa miaka 27.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo haliwezi kufunikwa. Thérèse alizaa watoto watano, na wote watano walipelekwa kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Katika barua ya mwaka 1751 kwa Bibi de Francueil, Rousseau alijitetea kwa kutaja umaskini na pia ugonjwa wa maumivu usiomwachia tumaini la kuishi sana. Ninauamini ugonjwa, utetezi siuamini. Mtoto wa kwanza alipelekwa miaka kadhaa kabla ya Morand kusema neno lolote, na aliyeambiwa miezi sita hakurudi kuwatafuta baada ya miezi sita kupita, isipokuwa baadaye sana, na kwa mkono wa mtu mwingine, ambaye hakufanikiwa. Maradhi yanaeleza mengi katika maisha ya mtu huyu, lakini hili hayalielezi.

Tufike Fontainebleau. Tarehe 18 mwezi wa kumi 1752 opera yake ndogo, Le Devin du village, yaani mpiga ramli wa kijijini, ilichezwa mbele ya mfalme Louis wa 15. Mtunzi alikaa mahali palipoonekana na wote, ndevu hazijanyolewa, wigi haijachanwa vizuri, katikati ya mabibi waliovaa almasi. Watu walilia kwa furaha. Inasemekana mfalme alishinda akiimba wimbo wa kwanza kwa sauti isiyofuata noti. Jioni ileile ukaja ujumbe: kesho, saa tano asubuhi, afike ikulu atambulishwe kwa mfalme. Aliyeuleta alidhani kuna posho ya maisha ndani yake. Rousseau hakulala. Asubuhi alipanda gari, akaondoka.

Vitabu vya shule vinasema alikataa fedha za mfalme kwa kupenda uhuru. Naye alilifikiria hilo, ni kweli; alijua kwamba anayepokea posho anapokea na mdomo wa kufungwa. Aliogopa vilevile kukosa la kusema mbele ya mfalme, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito mbele za wakubwa. Lakini wazo lililomjia kwanza usiku ule, kama alivyolieleza mwenyewe, lilikuwa haja ndogo. Pale kwenye onyesho alikuwa ameteseka sana kwa kuhitaji kutoka mara kwa mara. Kesho yake angesimama saa nzima katika ukumbi mrefu, kati ya wakubwa wote wa nchi, akimngoja mfalme apite. Na kama ingemshika hapo?

Mtu asiyejua ugonjwa huu anaweza kuuliza inakuwaje mtu ambaye mkojo hautoki awe anataka kukojoa kila mara. Ndivyo ulivyo. Kibofu cha mtu mzima kinabeba karibu nusu lita. Kikitoka chote, kuna saa kadhaa za amani. Kikibakiza sehemu kubwa, kinajaa tena upesi sana, na hamu inarudi kabla mtu hajafunga vifungo. Wengine hufikia hatua ya mkojo kuvuja wenyewe, kama pipa lililojaa na bomba halijafungwa, na jamaa wanasema mgonjwa hawezi kuzuia mkojo, kumbe tatizo ni kinyume chake. Basi Rousseau aliishi akihesabu umbali wa mlango. Alichagua matembezi ya upweke msituni, alikwepa karamu ndefu, alichukia saluni za Paris ambako mtu hawezi kuinuka bila watu kumi kumtazama. Sisemi kwamba falsafa yake ya maumbile ilitoka kwenye kibofu. Hiyo ingekuwa dhihaka. Nasema tu kwamba mtu anayeona raha nyuma ya mti kuliko ukumbini ana sababu zaidi ya moja ya kuupenda msitu.

Diderot alimkasirikia kwa ajili ya posho ile, akimwambia afikirie Thérèse na mama yake. Ugomvi wao ulianza kuota hapo.

Mwaka 1756 alihamia Ermitage, karibu na Montmorency, nyumba ndogo aliyopewa na Bibi d'Épinay, kisha Montlouis, chini ya ulinzi wa jemadari wa Luxembourg. Ndiyo miaka yake mikubwa: Julie, Émile, Mkataba wa Kijamii. Ndiyo pia miaka ya buji. Alizitumia mara nyingi sana, na kwa kuogopa kwamba Daran atakufa na siri yake, alinunua akiba. Alihesabu kwamba katika miaka minane au kumi zilimgharimu lui 50 za dhahabu. Kwa mnakili muziki hizo ni kurasa nyingi mno.

Nikisoma hapo ninakumbuka kwamba mwaka 1972, huko Michigan, Marekani, daktari Jack Lapides aliandika kwamba mgonjwa wa aina hii anaweza kujiingizia sonda mwenyewe mara kadhaa kwa siku, kwa mikono iliyonawiwa vizuri, bila kuhitaji chumba cha upasuaji, na kwamba ni afadhali kibofu kitolewe mara kwa mara kuliko kuachwa kijae. Wenzake wengi walishtuka. Leo ndiyo njia ya kawaida, na imewaokoa watu wengi walioumia uti wa mgongo. Rousseau alikuwa akifanya jambo la jamaa moja na hilo miaka 200 kabla, bila maji safi ya bomba na bila mtu yeyote kujua habari za vijidudu. Homa zake za mara kwa mara huenda zina asili huko. Mkojo uliobaki ni kama maji yaliyosimama mtungini. Vijidudu vinazaana humo, mawe yanajenga, na shinikizo likipanda juu kwa miaka figo zinatanuka na kuchoka. Sonda chafu inaongeza moto. Hata hivyo aliishi, naamini, kwa sababu ya buji hizo.

Mwishoni mwa 1761 kipande cha sonda kilikatikia ndani ya mrija. Wakati huohuo uchapaji wa Émile ulichelewa bila maelezo, naye akiwa kitandani kwa maumivu akajihakikishia kwamba Wajesuiti wameiba kitabu ili wakiharibu baada ya yeye kufa. Hakukuwa na njama. Alikiri baadaye kwamba mawazo yake yaliwaka gizani. Katika kitabu hichohicho kilichokuwa kwa wachapaji kuna mashambulizi makali juu ya waganga, na mwalimu wa Émile hataki kumlea mtoto mgonjwamgonjwa. Darasani tunajadili kurasa hizo kama nadharia ya malezi. Aliyeziandika alikuwa amelala na kipande cha buji mwilini.

Luxembourg, ambaye alimpenda kwa kweli, alimshawishi akubali kupimwa na Frère Côme, mtawa mpasuaji aliyesifiwa kwa mkono mwepesi kuliko wote. Kazi ilichukua zaidi ya saa mbili. Rousseau aliubana mdomo asilie, ili asiuvunje moyo wa jemadari aliyekuwa palepale. Sonda nyembamba sana hatimaye ilipita. Mara ya kwanza mtawa alidhani ameligusa jiwe kubwa, akarudia, hakulipata, akarudia tena. Mwishowe akatoa hukumu: hakuna jiwe, tezi dume ni ngumu na kubwa kupita kawaida, kibofu ni kipana na kizima. Akamwambia atateseka sana na ataishi sana.

Mwingine angelia. Rousseau alifarijika. Kwa miaka mingi alikuwa akingoja jiwe, yaani kisu, maana wakati ule kutoa jiwe kulikuwa kumfungua mtu akiwa macho, kamba mikononi. Sasa jiwe halipo. Aliandika kwamba tangu siku hiyo, akiwa amewekwa huru na magonjwa ya kuwaziwa, aliyavumilia ya kweli kwa utulivu, na aliteseka kidogo kuliko kwanza. Naona hapa somo kwa waganga wetu, ambao mara nyingi wanaandika karatasi na kumwacha mgonjwa bila neno. Jina la ugonjwa nalo ni dawa, hata pale ambapo dawa yenyewe hakuna.

Mwezi wa sita 1762 bunge la Paris liliamuru akamatwe kwa ajili ya Émile. Alikimbilia Uswisi, akapata makao Môtiers, katika milima ya Neuchâtel. Hapo ndipo alipoanza kuvaa kanzu ndefu, mshipi na kofia ya manyoya ya Waarmenia. Watu walicheka, wengine wakasema amepotewa na akili au anatafuta kutazamwa. Mimi nilipoona picha aliyochorwa na Allan Ramsay mwaka 1766 nilidhani ni pambo la mchoraji. Sababu ilikuwa nyepesi: anayejiingizia sonda mara nyingi kwa siku anateswa na suruali ya kubana ya karne ile, yenye vifungo na kamba. Fundi cherehani mmoja wa Kiarmenia aliyekuwa akija Montmorency kumtazama ndugu yake ndiye aliyempa wazo. Katika nchi zetu, ambako mzee akivaa kanzu hakuna anayemwuliza, Rousseau angepita barabarani bila kugeuziwa uso. Kule alikuwa kichekesho, na baada ya mahubiri ya mchungaji akawa adui. Usiku mmoja wa mwezi wa tisa 1765 nyumba yake ilipigwa mawe.

Lakini kabla ya mawe hayo, tarehe 29 mwezi wa kwanza 1763, aliandika wosia. Huo ndio ukurasa wake ninaouheshimu kuliko nyingi zilizo maarufu. Alimwachia Thérèse kidogo alichokuwa nacho, kisha akaomba mwili wake ufunguliwe na watu wenye ujuzi, ili ugonjwa wake utazamwe pale ulipokaa, kwa faida ya wote. Akaongeza maelezo ya dalili, na maelezo hayo ni safi kiasi kwamba mwanafunzi wa udaktari angeweza kuyaiga. Alieleza kwamba ugonjwa wake haukuja kwa vipindi kama wa wengine, ambao leo wanakojoa vema na kesho hawatoi tone. Wake ulikuwa wa kila siku: hakutoa kamwe kwa mkondo kamili, wala hakuzibwa kabisa, njia ilikuwa na kizuizi zaidi au kidogo, na hamu haikuisha. Alitaja nani alijaribu sonda, nani alishindwa, nani alifaulu, nini kilionekana. Hakuna malalamiko. Hakuna mpinzani anayeshtakiwa. Mwandishi anayejulikana kwa kujionea huruma hapa hajionei hata kidogo.

Sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kuliangalia jambo hili kwa jicho letu. Kiswahili kina adabu nyingi katika mambo ya mwili. Tunasema haja ndogo, kujisaidia, kutoka nje, na mtoto anayesema neno lenyewe mbele ya wageni anakemewa. Adabu hiyo ni nzuri mezani. Kwa mgonjwa inaweza kuwa kaburi. Baba mkubwa wangu aliishi karibu miaka mitatu akiamka mara sita usiku, akisema anakwenda kuangalia mbuzi. Mke wake aliamini mbuzi. Alipofikishwa hospitalini tumbo lilikuwa limevimba kama la mwanamke mjamzito, na walipomwekea sonda ilitoka zaidi ya lita mbili, lakini figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Alijua kusoma, alijua Kifaransa, alikuwa na maneno ya kila kitu isipokuwa hilo. Walio wengi hawaumwi sana, na ndiyo hatari ya aina hii ya polepole: yule anayezibwa ghafla anapiga kelele na anapelekwa usiku uleule, huyu wa polepole anazoea.

Miaka iliyobaki ya Rousseau ilikuwa ya kuhamahama. Alifukuzwa kisiwa cha Saint-Pierre, akafika Uingereza mwanzoni mwa 1766 na David Hume, akagombana naye vibaya, akiona njama katika kila barua. Akarudi Ufaransa mwaka 1767 kwa jina la bandia. Tangu 1770 aliishi Paris, chumba cha juu, akinakili muziki na kukusanya majani makavu ya mimea. Mkojo haukumwachia, lakini anautaja mara chache. Tarehe 24 mwezi wa kumi 1776 mbwa mkubwa aliyekuwa akikimbia mbele ya gari alimwangusha Ménilmontant, na watu wengi waliokuwa wakimwona walisema hakuwa tena yuleyule.

Alifariki Ermenonville, kwa marquis de Girardin, asubuhi ya tarehe 2 mwezi wa saba 1778, baada ya matembezi. Alikuwa na miaka 66. Houdon alichukua sura yake kwa plasta. Kesho yake wapasuaji waliufungua mwili mbele ya mashahidi, kama alivyotaka. Walitazama figo, mirija, kibofu, njia yote. Hawakuona kitu. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na uvimbe, wala ile tezi ya ajabu ya Frère Côme. Katika kichwa walikuta maji mengi, wakasema ndiyo yaliyomwua.

Maadui zake walifurahi: kumbe alikuwa mgonjwa wa mawazo, mwongo hata wa mkojo wake. Waganga wamebishana tangu hapo, wengine wakisema mrija ulikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, wengine mishipa ya fahamu, wengine ugonjwa wa damu unaoitwa porfiria. Kwangu mimi hoja ya maadui haisimami. Mlango usiolegea hauachi kovu la kuonekana kwa jicho, na wale mabwana walikuwa na jicho tu. Fundi akilifungua bomba baada ya maji kukauka hawezi kusema lilikuwa likibanwa saa ngapi. Tena Morand alishindwa kupita, na Frère Côme alihitaji saa mbili. Mikono miwili ya hao mabingwa haikuwa mawazo ya Rousseau.

Alizikwa kwenye kisiwa kidogo chenye miti ya mipopla, na mwaka 1794 Mapinduzi yakamhamishia Panthéon. Thérèse aliishi mpaka 1801. Mwezi wa kumi na mbili 1897, kwa sababu ya uvumi kwamba mifupa iliibwa na kwamba marehemu alijipiga risasi, jeneza lilifunguliwa mbele ya wajumbe. Walilikuta fuvu, wakaligeuzageuza, halikuwa na tundu. Juu ya lile alilolitaka yeye lichunguzwe mifupa haikuwa na la kusema, na jeneza likafungwa.